Fundi wa Sinema Hutazama Mwezi Kwanza

Sinema ya uwanjani Milepa huanza siku nyingi kabla ya jenereta kuwashwa, na huanza kwa fundi kuhesabu mwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kuangaza usiku kucha. Kwa mtembea kwa miguu hiyo ni neema. Kwa sinema ni hasara: mbalamwezi ikipiga kitambaa, weusi wote wa picha hugeuka kijivu, nyuso hupauka, na mtoto aliyekaa nyuma haambulii zaidi ya vivuli. Usiku wa mwezi mwandamo, giza likiwa totoro, picha hutoka safi kuliko siku nyingine zote. Lakini wengi wa watazamaji ni watoto waliotoka vitongoji vya mbali, wamekatiza mashamba ya mpunga na kuvuka mifereji, na sinema ikiisha watarudi kwa njia hiyohiyo, ambayo nyoka nao huipita.

Fundi ninayemsema hapa, mtu mzima mwenye maneno machache, amepata siku inayofaa kwa yote mawili. Anajua kwamba baada ya kupevuka, mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50 kila siku. Siku ya nne huchomoza karibu saa nne usiku. Basi yeye hupanga onyesho siku hiyo. Mtambo unawashwa saa moja na nusu na kuzimwa saa nne kasoro. Giza limetumika lote, na watoto wanaposimama kukung'uta vumbi, mwezi nao unajitokeza upande wa mashariki kuwaangazia njia. Bonde hili lina mafundi wengi, wa mitumbwi, wa matofali, wa cherehani, na kazi zao nazipenda. Ila hesabu hii ya kumpa mtoto giza la kutazamia na mwanga wa kurudia nyumbani ndani ya usiku mmoja ndiyo iliyonifanya nianze kumfuatilia mtu huyu na kutazama mikono yake inavyokwenda.

Milepa ipo Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga uko juu kwenye uwanda, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko usiku wa Juni blanketi moja halitoshi. Ziwa lenyewe liko mita 800 hivi. Ukishuka unavua sweta njiani. Kuanzia Juni hadi Septemba mpunga umeshavunwa, ardhi imekauka, barabara za kushukia bondeni zinapitika, na usiku ni wa kukaa nje. Wenzetu wa miji ya kaskazini mwa dunia hungoja majira yao ya joto ndipo watandike mablanketi kwenye bustani, wao na watoto wao, kutazama filamu bila kiingilio, kama wafanyavyo Bryant Park mjini New York. Kiwanja chetu sisi ni cha shule, na nyasi zake zimekwisha kuliwa na ng'ombe, lakini furaha inayowatoa watoto majumbani ni ileile.

Kwa kuwa ukuta wa milima upo magharibi, jua la Milepa hupotea mapema. Kivuli cha mlima hukikata kiwanja, na mgeni hudhani usiku umefika. Fundi hadanganyiki. Anga bado lina mwanga, na mwanga wa anga huua picha sawasawa na wa mwezi. Mfukoni ana kiberiti. Hukishika kwa mkono ulionyooka na kujaribu kusoma maandishi yake. Akiweza kuyasoma, bado. Watoto wanaijua desturi hiyo.

"Mjomba, bado unasoma?"

"Nasoma bado, wanangu. Kaeni."

Jioni moja nilimwona akimpa kiberiti binti mdogo wa safu ya mbele ili asome yeye. Macho yake mwenyewe yamepungua nguvu, alisema, na macho ya mtoto ndiyo kipimo kikali zaidi. Binti alisoma jina la kiberiti, akasoma tena, akasoma kwa kukisia, hatimaye akasema haoni. Hapo ndipo mtambo ulipowashwa.

Kabla ya hapo lakini kuna kazi ya mchana mzima. Kitambaa chake ni marekani nyeupe, mapande yaliyounganishwa kwa cherehani, mshono ukalazwa bapa kwa pasi ili usipige mstari kwenye uso wa mtu pichani. Hukitundika golini. Goli la vipimo rasmi lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na asiyejua angefunga kitambaa hapo moja kwa moja akidhani ameokoa kazi. Picha ya upana wa mita nne ina kimo cha mita mbili na robo. Ingeanzia karibu na ardhi, na vichwa vya safu ya kwanza vingemeza miguu ya kila anayetembea pichani. Fundi hufunga milingoti miwili kwenye nguzo za goli na kupandisha kitambaa mpaka ukingo wa chini ufike kifuani mwa mtu mzima aliyesimama. Kisha hurudi nyuma na kuchuchumaa chini kabisa, kimo cha mtoto wa miaka mitano aliyekaa, akatazama. Hufanya hivyo pande tatu za uwanja. Wenye haraka huishia kutazama wakiwa wamesimama, ndiyo maana maonyesho yao huonekana vizuri kwa watu wazima peke yao.

Upepo ndio adui wake wa kila siku. Kiangazi hiki ni cha kusi, na jioni hewa ya mlimani ikipoa huteremka bondeni kwa vishindo visivyotabirika. Kitambaa kilichokazwa kwa kamba ngumu hushika upepo kama tanga, na mwisho wake ni kuchanika pembeni au kung'oa mlingoti. Yeye hufungia pembe kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huvutika upepo ukija, hurudi ukipita, na picha hutikisika kidogo tu. Huanza na pembe ya juu ya upande unakotoka upepo, akafuata ile ya mshazari wake huku chini, kisha mbili zilizobaki, na kila afungapo hukipapasa kitambaa kwa kiganja kutafuta mahali kilipolegea. Akipata mkunjo hafungui vyote. Huvuta kipande kimoja cha mpira kwa vidole viwili, na mkunjo hukimbia mpaka ukingoni, ukaisha. Nimemwona kijana anayemfundisha akivuta kwa nguvu zake zote na mkunjo ukabaki palepale.

Kuhusu ukubwa wa picha, kuna ubishi wa kudumu kati yake na waandaaji. Kila mtu anataka picha kubwa. Lakini ukiusogeza mtambo mbali mara mbili, picha hupanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, na mwanga uleule hugawanywa kwenye eneo mara nne. Picha inakuwa kubwa na hafifu. Yeye hubaki kwenye mita nne zinazong'aa, na huwasogeza watu karibu badala ya kuusogeza mtambo mbali. Mimi niko upande wake. Sura ya mama anayelia pichani lazima ionekane ikilia.

Mtambo huketi mezani, ukitazama kitambaa uso kwa uso. Ukiinamishwa kutoka chini kwenda juu, picha hupanuka kichwani na watu hupata mabega mapana na miguu ya kuku. Mitambo ya siku hizi ina kitufe cha kunyoosha hitilafu hiyo, ila kitufe hicho hunyoosha kwa kupunguza sehemu ya picha. Fundi hupendelea kuinua meza kwa matofali. Taa ya balbu huachwa ikiwaka mbali, karibu na jenereta, ili wadudu wa mashamba ya mpunga wafuate huko wasije kwenye lenzi. Jenereta yenyewe hufichwa nyuma ya kichuguu, upande upepo unakoelekea, na waya wake hufukiwa kwenye mfereji wa kina cha kiganja. Hakuna mtoto anayejikwaa gizani kwenye kazi ya mtu huyu.

Sauti ndiyo sehemu ambayo wengi huiharibu kwa kuipandisha. Usiku bondeni hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, na hali hiyo huikunja sauti irudi chini badala ya kupotea angani. Spika ambayo saa kumi jioni ilisikika mpaka mwisho wa uwanja, saa mbili usiku inasikika kitongoji cha pili. Kwa hiyo fundi hupima sauti mapema halafu huishusha kadiri usiku unavyopoa. Spika huwekwa chini ya kitambaa pande mbili, zimeinuliwa juu ya vichwa. Hataki ziwekwe karibu na mtambo nyuma ya watu, hata waya ukiwa mfupi. Mtoto akisikia mlango unagongwa nyuma yake wakati mlango uko mbele yake pichani, hugeuka, na akishageuka ameshatoka kwenye hadithi.

Kazi hii aliianza na mkanda wa milimita 16, akiwa kijana msaidizi kwenye gari la sinema. Ukimwomba akueleze, mikono hutangulia maneno. Mkanda ule ulipita mbele ya taa picha 24 kwa sekunde, na kila picha ilipaswa kusimama tuli kwa nukta ndogo kabla ya kuvutwa na inayofuata. Magurudumu yanazunguka bila kukoma, dirishani picha inasimama na kuruka. Asiyejua angetarajia mkanda ukatike mara moja. Kinachouokoa ni kitanzi kilicholegezwa juu ya dirisha na kingine chini yake, kinachomeza mishtuko. Kitanzi kikiwa kidogo, mkanda unararuka. Kikiwa kikubwa, kinagusa ukuta wa mtambo na kukwaruzika. Alikipima kwa kidole cha shahada, na kitanzi kikipotea katikati ya onyesho alikijua kwa sikio, kwa mlio wa kukereketa, kabla picha haijaanza kuruka. Sauti ilichapwa pembeni mwa mkanda, picha 26 mbele ya picha yake, kwa kuwa mahali pa kusomea sauti palikuwa mbali na dirisha. Kitanzi kikikosewa, midomo na maneno havikukutana. Leo hubeba kila kitu kwenye kompyuta. Hata hivyo nidhamu ya kitanzi imebaki mwilini mwake: hukagua mara mbili na husikiliza kuliko anavyotazama.

Anayeshika kazi hii anashika kitu kirefu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza kuendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendelea hadi 1937. Walitengeneza filamu fupi za mafunzo, wakapakia mtambo na pazia kwenye lori, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti waliitia kwenye sahani za santuri ili picha moja isemeshwe kwa lugha mbalimbali. Sindano ikiruka, maneno na picha viliachana njia mbele ya umati. Baadaye ikaja Colonial Film Unit, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1939, na kiongozi wake William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole, zisizorukaruka kutoka mahali hadi mahali. Natamani angeketi Milepa kati ya watoto wa darasa la pili, ambao humwona adui amejificha kabla steringi hajamwona, na kumpigia steringi kelele ageuke. Hawajawahi kufundishwa kusoma filamu. Wanaisoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Watanganyika walijiona wenyewe kwenye pazia katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili aliyoigiza Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Zanzibar nako, tangu tamasha la filamu la ZIFF lilipoanza mwaka 1998, picha huonyeshwa chini ya anga kwenye jukwaa la Ngome Kongwe, na tamasha limepata kuzipeleka hadi vijijini Unguja na Pemba. Yote haya yalitegemea watu wa kufunga kamba na kufukia waya, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Filamu nyingi zinazofika kwetu hazisemi Kiswahili, na hapo fundi hushika maiki. Tanzania imekuwa na mabingwa wa kutafsiri filamu. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisikika katika vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vya nchi nzima, akisema kwa sauti moja maneno ya wahusika wote na kuongeza ya kwake. Fundi wetu hafuati mtindo huo, ingawa anauheshimu. Yeye husema kidogo. Hungoja mtu pichani amalize, akaleta maana kwa sentensi moja, akanyamaza ili watoto wasikie mvua, gari, kilio. Wakiwepo wazee wengi huingiza Kifipa. Wafugaji wakijaa upande wa kulia wa uwanja, hutupa neno la Kisukuma, na upande huo hucheka kwanza. Kwa watoto hutanguliza katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, halafu Charlie Chaplin, ambaye hahitaji mtafsiri hata mmoja. Wakati wa Chaplin huiweka maiki chini kabisa na kutazama watazamaji. Hapo ndipo anapojua waliochoka, waliolala, na wale wadogo wanaotaka kwenda haja lakini wanaogopa kupitwa.

Mpangilio wa watu nao ni sehemu ya ufundi. Wadogo mbele kwenye mikeka, umbali wa hatua nne au tano kutoka kitambaani, kwa kuwa karibu zaidi shingo huuma. Kina mama wenye watoto wa mgongoni hukaa pembeni, karibu na njia ya kutokea. Vijana wa baiskeli na bodaboda hukaa nyuma, na taa zao huzimwa; hilo hulisema mara moja tu, kwa upole, "Jamani wadogo zangu, taa," nao huzima. Wanaochelewa huzunguka nyuma ya pazia. Marekani ni nyembamba kiasi cha kupitisha picha, kwa hiyo nyuma ya goli huwa kuna sinema nyingine, ambamo kila mtu anatumia mkono wa kushoto na maandishi yanasomeka kinyume. Waandaaji wengi huwafukuza watazamaji hawa. Yeye huwatandikia turubai. Hao ndio waliotembea mbali zaidi, alinieleza, ndiyo sababu wamechelewa.

Mwisho wa filamu watu wengi hudhani kazi imeisha, wakaanza kuvuta waya. Taa ya mtambo huwa na joto kali. Ukikata umeme ghafla, feni husimama, joto hubaki ndani, na taa hupungukiwa uhai. Jenereta lazima iendelee kwa dakika kadhaa ili mtambo upoe. Fundi amezipa dakika hizo kazi yake. Huleta ile balbu ya wadudu mbele ya uwanja, hushika maiki na kuita vitongoji kwa majina, wa mbali kwanza. Kila kundi hujipanga, mkubwa mmoja mbele na mwingine nyuma, na haliondoki mpaka wa nyuma ajibu kwamba wametimia. Mtoto asiye na kundi huitwa kwa jina la mama yake hadi apatikane wa kumpeleka. Feni inaponyamaza, uwanja huwa umebaki na watoto wa jirani na shule, ambao humsaidia kukunja kitambaa: wanne, kila mmoja na pembe yake, wakikutana katikati bila kukiacha kiguse vumbi, kwa sababu doa la leo litakaa kwenye kila uso wa onyesho lijalo.